Sikio Ndani ya Kopo la Chai

Kifurushi kililetwa asubuhi, siku ya tisa tangu Leong Pak-Yiu atekwe, wakati mkewe Yuk-Lan akiwa jikoni anamwelekeza mpishi namna ya kumkata bata. Alikifungua pale pale juu ya meza. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe, na ndani ya chumvi sikio la kushoto la mumewe, lenye baka jeusi kwenye ndewe. Yuk-Lan aliosha mikono, akamwambia mpishi aendelee, ila safari hii mafuta ayapunguze.

Sikio halikutupwa. Kwetu Makau mtu hupewa mwili na wazazi ukiwa mzima, na hana budi kuurudisha mzima. Anayefika kuzimu na sikio moja ataulizwa la pili kaliacha wapi. Kwa hiyo Yuk-Lan alilifunga kwa hariri nyekundu, akalitia kwenye kopo la chai la bati lenye kifuniko cha kubana, na kopo akaliweka juu ya madhabahu ya mababu, kati ya machungwa na picha ya baba mkwe. Madhabahu ilikuwa sebuleni, na sebuleni ndiko mambo yote ya nyumba yalikozungumzwa.

Kesho yake alifungua kopo abadilishe chumvi, akaona sikio limejisimamisha kidogo. Akajua linasikia.

"Mume wangu," akaliambia, "chumvi haikuwashi?"

"Haiwashi," alijibu Leong.

Lakini jibu hilo halikufika, kwa kuwa sikio husikia tu, halisemi. Leong mwenyewe alikuwa ng'ambo ya maji, kisiwa cha Koloani, amefungwa mguu katika banda la kukaushia samaki. Sikio la kulia lilisikia bandani. La kushoto lilisikia nyumbani.

"Unaongea na nani, Bosi?" aliuliza mlinzi wake, Mzee Fuk, aliyewahi kuwa mpishi wa meli.

"Na mke wangu."

"Ahaa. Wamesemaje kuhusu pesa?"

Tangu siku hiyo watekaji hawakuhangaika kutuma mtu mjini kupeleleza. Walimuuliza Leong.

Sikio hilo halikuwa sikio la hivi hivi. Utajiri wote wa Leong ulipitia humo. Kamari yetu ya vifungo ni rahisi: mchezeshaji huchota konzi ya vifungo vya kauri, huvifunika kwa kikombe cha fedha, watu huweka pesa, kisha huvitenga vinne vinne kwa kijiti mpaka vibaki kimoja, viwili, vitatu au vinne, na mwenye kubahatisha idadi iliyobaki ndiye mshindi. Leong hakubahatisha. Alisikia vifungo vikitulia chini ya kikombe, akajua ni vingapi. Alikaa chini mezani, akajikuna sikio kwa kidole kimoja, au viwili, au vitatu, au vinne. Na Tam Sik-Hoi, ndugu yake wa kiapo, alikaa roshani ya juu pamoja na matajiri, akiteremsha dau kwa kikapu cha kamba. Mara mojamoja walipoteza makusudi. Anayesikia akionyesha kwamba amesikia, riziki yake imekwisha. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Leong kuliko kiapo chochote.

Kwa miaka ishirini walikula kwa sikio hilo. Wakainunua nyumba ya kamari, kisha zile nyingine zote, halafu leseni ya kamari ya mji mzima kutoka kwa Wareno, duka la rehani na kiwanda cha fataki. Kila kitu kiliandikwa kwa jina la Leong, hata duka la rehani lililojengwa kwa bangili za dhahabu za mahari ya Yuk-Lan. Hilo nalo lisemwe, maana wengi hulisahau.

Mchana wa siku ya kumi Tam alikuja kula. Alimkuta Yuk-Lan mbele ya madhabahu, kopo liko wazi.

"Shemeji, wanataka laki tisa. Mwisho sikukuu ya mwezi mpevu. Ikipita, wanamtosa baharini."

"Ngoja," alisema Yuk-Lan. Akafunga kifuniko, akakibonyeza kwa kiganja mpaka kikalia. "Haya. Zipo?"

"Zipo, zimejaa tele. Ila leseni inasainiwa upya siku kumi kabla ya sikukuu. Kaka akiwepo atasaini yeye. Asipokuwepo nasaini mimi, na nusu naiandika kwa jina lako."

Kijiko kilizunguka ndani ya kikombe, mara tatu.

"Jina langu halijawahi kuandikwa popote," alisema Yuk-Lan, "isipokuwa kwenye barua ya posa." Kijiko kikasimama. "Basi tusubiri. Kula, bata anapoa."

Kule bandani Leong alikuwa amelala chali juu ya mkeka. Aliyoyasikia yalimuuma kuliko kisu, na kisu kilikuwa butu. Alimsikia Tam akitafuna mifupa ya bata mpaka mfupa wa mwisho. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, lakini hawakusema lolote juu ya mke.

"Bosi, leo wamesemaje?" aliuliza Mzee Fuk.

"Wanazitafuta."

"Tajiri wa mji mzima! Wanazitafutia wapi, mvunguni?"

"Mke wangu analia sana," alisema Leong.

"Pole, ndugu yangu," alisema Mzee Fuk, akampa kichwa cha samaki, ambacho kwa kawaida alijiwekea mwenyewe.

Angeweza kusema kweli. Angesema pesa zipo, wanachelewesha makusudi, na watekaji wangejua pa kubana. Lakini mwanamume anaweza kukubali kwamba ametekwa. Kukubali mbele ya watu kwamba nyumbani hatakiwi ni jambo jingine. Akala kichwa cha samaki, na siku zikaenda.

Kila asubuhi Yuk-Lan alifungua kopo. "Mume wangu, vumilia. Sijapata usingizi. Tam naye chakula hakimpiti." Alibadilisha chumvi kwa mkono mwepesi, akalifuta sikio kwa pamba, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli, kiasi kwamba Leong alijikuta akiisubiri. Mchana Tam alipoingia, kifuniko kililia, na mazungumzo yakaanza.

Siku ya kusaini leseni Leong alisikia fataki zikipigwa mbele ya nyumba yake. Alizitambua. Zilikuwa za kiwanda chake, zile za bei ya juu, zinazopasuka bila kukosa hata moja.

"Mbona unajikunja?" aliuliza Mzee Fuk.

"Fataki."

"Mimi sisikii kitu."

"Hazipigwi huku."

Fataki zilipokwisha, Tam aliingia sebuleni akihema kwa furaha. Kifuniko kikalia.

"Shemeji, sasa je? Tumwache hukohuko?"

"Mlete."

"Wa nini tena?"

"Mke wa mtu aliyetoswa hunyooshewa vidole mpaka anakufa. Mke wa mtu aliyerudi huulizwa tu kapika nini. Wape theluthi. Watapokea, wamechoka kumlisha."

"Na akiulizia leseni?"

"Ataambiwa tuliiachia ili tupate pesa za kumkomboa. Atatushukuru."

Watekaji walipokea theluthi. Mzee Fuk alimsindikiza Leong hadi kwenye mashua, akamfungia samaki wawili wakavu kwenye gazeti. "Msalimie mkeo," alisema. "Mwanamke wa kulia mwezi mzima, siku hizi hapatikani."

Mlangoni kwake Leong aliruka beseni la moto, akanawa maji ya majani ya balungi ili mkosi ubaki nje. Majirani walipiga makofi. Tam alimkumbatia, akalia machozi ya kweli, akamwita Kaka. Kisha Yuk-Lan akamkalisha sebuleni, akafungua kopo mbele yake.

"Nimelitunza," alisema.

"Nilikusikia," alisema Leong.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

Yuk-Lan alimtazama kidogo, halafu akammiminia chai. Walimweleza habari ya leseni, yeye akashukuru. Kusema kungemsaidia nini? Nyumba, leseni na watu wote walikuwa upande mmoja, na upande wa pili alikuwa yeye na samaki wawili wakavu. Isitoshe, maisha yake yote alikuwa amefundishwa na meza ya kamari kwamba anayesikia hasemi. Alimalizia chai yake, akaomba nyingine.

Daktari alisema sikio limekwisha kukauka, halishoneki. Likarudi koponi, kopo likarudi madhabahuni, na mambo yakaendelea hivyo kwa miaka minane. Mchana Leong alikuja mkahawani akakaa nasi. Kikombe chake kikisimama katikati ya njia ya mdomoni, tulijua nyumbani wanaongea, tukapunguza sauti ili tusimchanganyie. Hatukumuuliza wamesemaje. Jioni alipanda roshani ya nyumba ya kamari, ambayo sasa ilikuwa ya Tam, akateremsha kikapu chenye dau dogo kama mgeni yeyote. Alipoteza mara nyingi. Kwa sikio la kulia peke yake hakuwa mtu wa ajabu.

Alikufa kwa kichomi, mwaka wa 1960, mwanzoni mwa baridi. Mwosha maiti alilitoa sikio koponi, akalishona mahali pake kwa uzi mweusi, na kazi ilikuwa safi. Baka la kwenye ndewe lilikaa sawasawa. Sanduku lilikuwa la mbao nene za vidole vinne, maana Yuk-Lan hakutaka watu waseme. Wakati wa kupigilia misumari sote tuligeuka tukatazama ukuta, kama ilivyo desturi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu.

Msumari wa mwisho ulipoingia, Tam alimsogelea Yuk-Lan.

"Shemeji, leo tunaweza kuongea kwa raha. Miaka minane kazi kufunga kopo."

"Kwani ulidhani hasikii?"

"Kopo si lilikuwa limefungwa?"

"Tam, we mtu vipi? Umekula miaka ishirini kwa sikio hilo. Lilisikia vifungo chini ya kikombe cha fedha, lishindwe na bati la chai?"

Tam alijikuna kidevu. "Alikuwa anajua, basi."

"Yote. Neno kwa neno."

"Sasa ulikuwa unafunga ya nini?"

Yuk-Lan alinyoosha kitambaa cheupe cha msiba kichwani.

"Heshima," alisema. "Mtu hasengenywi kopo likiwa wazi."

Wabebaji wakainama, wakashika kamba. Ndani ya sanduku, chini ya mbao za vidole vinne, Leong alisikia, safari hii kwa masikio yote mawili.