Maji ya Mtaa Ndani ya Kabichi

Jumamosi moja, saa saba mchana, Mama Rudisha aliketi kwenye meza ya pembeni katika mkahawa wa mboga tupu, akachukua karoti kutoka kwenye saladi, akaivunja karibu na sikio lake. Karoti ilivunjika kwa mlio mkavu, mmoja, kama kijiti. Akaudhika. Alikuwa amekuja akitafuta kasoro.

Jina hilo alipewa na wauza mboga. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na gunia likishushwa mlangoni pa jiko lake lilihesabiwa halijafika mpaka yeye aseme limefika. Nyanya alizibonyeza, bamia alizivunja ncha, mchicha aliunusa kwenye mizizi. Asichokipenda alikirudisha, pamoja na maneno ya kumsindikiza mwenye gari. Sasa daktari alikuwa amemkataza mumewe nyama, na mumewe, ambaye ni fundi bomba, ndiye aliyechagua mkahawa huu.

"Mboga hata nyumbani zipo," alimwambia.

"Nyumbani ungeziosha na nini?" fundi akajibu.

Mabomba ya mtaa wao yalikuwa makavu kwa miezi minne sasa. Fundi alikuwa ameyafungua yote, kuanzia barabarani hadi majikoni mwa watu. Alibadilisha raba, akazibua kutu, akafunga tena. Hayakutoa hata jasho. Majirani waliokuwa wakimwita "fundi wetu" wakaanza kumwita "yule fundi". Mshonaji wa nyumba ya pili alisema waziwazi, mbele ya foleni ya kisimani, kwamba mwenye spana ndiye ajuaye maji yameenda wapi. Tangu siku hiyo fundi alipita uchochoroni kurudi kwake, na Mama Rudisha alikuwa amechoka kuwa mke wa mtu anayeunyatia mlango wake mwenyewe.

Mhudumu akaleta kabichi nzima iliyookwa, imekaa kwenye sahani kama mgeni rasmi.

"Mboga zetu zote ni za leo asubuhi," alisema.

"Hata walioniletea mchicha wa manjano walisema hivyo hivyo, mwanangu."

Akaikata. Kisu kilipofika katikati, maji yakatoka. Hayakuwa yale majimaji ya mboga ambayo kila mpishi anayajua. Yalitoka kwa nguvu ya bomba lililofunguliwa nusu, yakajaza sahani, yakavuka ukingo wa meza, yakaanza kushuka sakafuni. Wateja wa meza ya jirani waliinua mikoba yao, wakaipakata, wakaendelea kula. Mhudumu alileta dekio na ndoo.

"Kabichi za siku hizi ndivyo zilivyo," alisema. "Jana boga moja lilijaza masinki mawili. Niwaletee limau?"

"Nimekuja kula," Mama Rudisha alisema, huku akivua viatu. "Kama ni kufua, ningekuja na nguo."

Alijaribu nyanya. Nayo ikatoa maji. Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakumwona mhudumu yule. Aliyazoa yote, ndoo ikajaa, akaleta ya pili.

Fundi alichovya kidole, akaonja. Akaonja tena, amefumba macho.

"Haya ni yetu," alisema.

"Yetu akina nani?"

"Ya mtaani. Hii ni kutu ya bomba la kona."

Wakati huo kabichi ilikohoa kidogo, ikatema kipande cha duara cha raba nyekundu. Fundi alikiokota, akakifuta kwenye shati.

"Hii niliitia mimi kwenye bomba la mshonaji. Niliikata kwenye ndala."

"Ndala ipi?"

Fundi akaitia raba mfukoni. Mama Rudisha alikuwa ameitafuta ndala yake nyekundu kwa miezi minne, na alikuwa amemsingizia mbwa wa watu.

Mwenye mkahawa, mama mpole mwenye aproni safi, alikuja kuwapa pole kwa sakafu. Alieleza bila kuficha kwamba shamba lao lilikuwa kule juu, karibu na tangi la mji, na kwamba tangu mwezi wa pili lilikuwa na bomba lake lenyewe, ndiyo maana mboga zikawa na afya hivi.

"Nani amewapa bomba?" fundi aliuliza.

"Ofisi ya maji. Barua ninayo."

"Na sisi je?"

"Nyinyi mna barua?"

"Tuna watoto watatu," alisema Mama Rudisha.

Mwenye mkahawa alikubali kwamba watoto ni baraka. Kisha akasema amesikia kwamba Mama Rudisha ni mpishi, na angependa kujua anazionaje mboga zao.

Mama Rudisha alitamani sana kusema uongo. Lakini hakuwahi kuisingizia mboga, na hakujua pa kuanzia.

"Mboga zenu ni nzuri mno," alisema. "Zimekunywa mpaka zikasaza, na wanangu wanapiga mswaki kwa kikombe kimoja, wote watatu."

Mwenye mkahawa alimshukuru, akayaandika.

Jumatatu fundi alimpelekea mshonaji ile raba. Mshonaji aliijaribu kwenye bomba lake, ikakaa sawasawa. Akakiri kwamba alimkosea, kisha akamuuliza anangoja nini kwenda kuyaleta maji. Fundi alipokwenda ofisi ya maji, karani alisikiliza habari yote. Aliuliza kama kabichi ilikuwa imeokwa au mbichi, akaandika "imeokwa", akasema barua ni barua.

Wiki iliyofuata mwenye mkahawa alimwita fundi, maana sakafu ilikuwa inaanza kuoza. Alitaka maji ya mboga yatolewe hadi mtaroni. Fundi alipitisha bomba kwenye ukuta wa nyuma, na mwisho wake akafunga koki.

Tangu hapo mtaa mzima huchota huko, mwendo wa nusu saa, kila mteja anapokata mboga. Kwenye ukuta wa mbele kuna ubao ulioandikwa: *Mboga zenu ni nzuri mno — mpishi mkuu wa shule.* Mama Rudisha aliingia kudai maneno yake yaliyobaki. Akaambiwa ubao umejaa.

Jumamosi iliyopita foleni ilizunguka kona, na koki ilikuwa kavu. Mshonaji alimwomba fundi wetu, ambaye ni mrefu, achungulie dirishani.

"Yuko mteja mmoja," fundi alisema.

"Ameagiza nini?"

Fundi alichungulia tena.

"Karanga."

Mama Rudisha alipindua ndoo yake, akaikalia.