Anayejibu Ndiye Mgonjwa

Usiku wa jana niliota nimempeleka mama kliniki ya wazee, na benchi la foleni likasema, "Sogeeni." Tukasogea. Likasema tena, tukasogea tena, mpaka tukatoka nje ya hospitali tukaingia shamba la mahindi la shemeji yangu Kanankira. Hakuna aliyelalamika. Foleni ni foleni.

Daktari alikuwa mashine ya kupima presha. Imekaa mezani, imevaa koti jeupe, mpira wake imeuzungusha shingoni.

"Bibi, unaumwa nini?" ikamuuliza mama.

"Magoti," nikajibu mimi. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Kichwa cha mama kimeanza kupotea, akianza neno leo analimaliza kesho, na daktari ana watu wengine.

Magoti yangu yakalia kama bawaba za geti.

"Anapata usingizi?"

"Hapati."

Hapo hapo macho yangu yakatoka, yakakaa mezani, mekundu, yananitazama.

"Anasahau?"

"Anasahau sana, daktari. Hata jina langu."

"Na wewe jina lako nani?"

Sijui. Natafuta mfukoni, hamna. Natafuta kwenye soksi, hamna. Namwangalia mama: nywele zake zimerudi kuwa nyeusi, anasuka mkeka, anapiga soga na benchi.

"Mbona mimi?" nikauliza.

"Ndiyo utaratibu," ikasema mashine. "Anayejibu ndiye mgonjwa. Shika dawa hii, kutwa mara tatu."

Jua likatua mara tatu. Kila likitua, kitu kinanitoka kichwani: njia ya kwenda nyumbani, sura ya mke wangu, namna ya kufunga mkanda.

"Ukijibu tena mara moja tu, tunakulaza," ikasema. "Na wodi hiyo haina ruhusa." Kisha ikamgeukia mama. "Bibi, unaumwa nini hasa?"

Mama akafumbua mdomo. Akaufumba tena. Nikahisi jibu linanipanda kooni, nikalibana kwa meno.

"Msaidie basi, mwanamume mzima!" likanong'ona benchi. "Huoni anavyohangaika?"

Nikaushika mdomo wangu kwa mikono miwili. Ulikuwa unapapatika kama kuku anayepelekwa kuchinjwa. Mahindi yakabeba, yakakauka. Kanankira akaja, akavuna, akatupita na kiroba begani.

"Shemeji, bado mpo tu?"

Sikumjibu hata yeye.

"Kiatu," mama akasema. "Hiki cha kushoto. Kinanichoma. Na huyu ni Elinami, kitinda mimba wangu. Tangu nimzae hajawahi kunyamaza. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Mwende salama," ikasema mashine, ikajitoa upepo wote, fyuuu.

Nikaamka. Kumekucha, na leo ndiyo siku yenyewe ya kliniki. Miezi yote hii mama amechomwa sindano za magoti kwa maneno yangu mimi. Nikaenda chumbani kwake, nikaingiza mkono kwenye kiatu chake cha kushoto.

Ncha ya msumari ikanitoboa kidole.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ananitazama ninavyonyonya damu.

"Jana ulinyamaza vizuri, baba," akasema. "Leo usije ukaniharibia."