Vidole vya Mama Pindo

Mama Pindo hakuwa na mtoto anayeitwa Pindo. Jina alibandikwa na wateja, kwa kuwa pindo la gauni alilolishona yeye hulioni hata ukilitafuta kwa miwani. Alishona kwa mkono. Wa kulia ulishika sindano, na kidole cha shahada cha kushoto kilikaa chini ya kitambaa kikiingojea ncha. Ikigusa ngozi tu, kabla haijachoma, aliigeuza ikarudi juu. Cherehani ni ya kushonea magunia, alikuwa akisema, na mafundi wenzake wakinuna shauri yao.

Watoto wake walikuwa watatu na hawapikiki chungu kimoja. Baba yao alipofariki, mama akaanza kulalamika uchovu, na kila mmoja akaja na tiba yake. Kifungua mimba, dereva wa lori, alileta vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Wa kati, mwalimu, alileta chupa ya vitamini za mishipa. Kitinda mimba, msusi mwenye maneno mengi, alileta kopo la unga wa nguvu. Kila asubuhi simu zilipishana. "Mama, umemeza?" Akimwambia mmoja kwamba anatumia za mwenzake, ugomvi. Kudanganya hakuweza. Basi alikunywa zote, ili asimvunje moyo yeyote. Ni vitamini, alijiambia, si sumu.

Miezi ikapita. Ganzi ikaanzia kwenye vidole vya miguu. Ndala zikawa zinamvuka njiani bila yeye kuhisi, anakumbushwa na wapita njia. Kisha ikapanda mikononi. Ile chupa ya mwalimu iliandikwa kwamba inasaidia ganzi, kwa hiyo akaongeza kidonge asubuhi na kingine jioni. Ganzi ikazidi. Naye akaongeza tena, maskini.

Siku moja alikuwa akimalizia gauni jeupe la bibi harusi. Alishona mchana kutwa, akiimba kidogo. Alipoligeuza ili alipige pasi, aliona vitone vyekundu vimefuatana kwenye pindo lote. Akatazama kidole chake. Kilikuwa kimetobolewa mara ishirini na ushee, na hakuwa amesikia hata mara moja. Alikaa chini, akalia kwa sauti, na mteja alipofika alimkuta hivyo hivyo.

Daktari alimwambia arudi na kila anachokunywa. Majibu ya damu yalipotoka, akazipanga zile dawa mezani na kuzigeuza nyuma, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuhangaika nayo.

"Mama, majina ni matatu, lakini ndani mna kitu kilekile. Vitamini B sita. Kidogo inajenga, ila ikizidi kwa miezi inaharibu mishipa ya fahamu. Ganzi yako ndiyo hiyo."

"Vidole vitarudi?"

"Acha zote leo. Vinaweza kurudi polepole. Pengine visirudi vyote. Na siku nyingine, kabla hujaongeza hata kidonge kimoja, muoneshe mfamasia dawa unazotumia tayari."

Jioni ile watoto walikwisha sikia kwamba dawa ndizo zilizomletea ganzi, na simu zikaanza. Dereva aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni vile vyangu?" Akajibu, "Vyako havina neno, mwanangu." Mwalimu akauliza, akapewa jibu lilelile. Msusi hakuweza hata kuuliza vizuri, alikuwa analia. "Na wako hauna neno," mama akasema, na kwa mara ya kwanza maishani uongo ukamtoka bila kukwama.

Jumapili msusi akaja mwenyewe, amejaa furaha, kopo jipya kwapani.

"Kwa kuwa unga wangu ndio salama, nimekuletea kubwa. Hao wengine wasikuletee tena mambo yao. Nikukorogee sasa hivi?"

Tayari alikuwa ameshika kijiko. Mama Pindo alimtazama mwanawe wa mwisho akifungua kopo, na alitamani sana anywe, yaishe. Angekunywa, kama si vidole.

"Weka chini, mwanangu," alisema. "Nilikudanganya. Wako ndio uliokuwa na vitamini hiyo mbaya nyingi kuliko zote. Na wao wote wawili nimewadanganya vilevile. Mlileta kwa mapenzi, na mimi nikabugia kwa woga wa kuwaona mkigombana. Waite waje. Nataka niwaambie mkiwa pamoja."

Binti aliweka kijiko mezani. Alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akamshika mikono yote miwili, akavibusu vile vidole kimoja kimoja, polepole, machozi yakivilowesha.

Mama Pindo aliinama atazame, ajue binti amefika kidole cha ngapi.