Ruhusa ya Mkeka

Nosrat Kaviani hakwenda mjini Sari kujifunza ukocha. Alikwenda kuchukua cheti, basi. Na aliyesimama kati yake na hicho cheti alikuwa Iraj, mkufunzi wa kozi, ambaye zamani Nosrat mwenyewe ndiye aliyemfundisha hata kufunga kamba za viatu vya mieleka.

Sheria ilikuwa mpya na haikuwa na huruma: asiye na cheti cha daraja la tatu haruhusiwi kukalia kiti cha kocha pembeni mwa mkeka. Ijumaa mwanawe Behrang alikuwa anacheza fainali ya mkoa. Kijana huyo alikuwa amelelewa mkekani tangu anatambaa. Leo kiti chake akikalie mtu baki? Afadhali wamzike Nosrat akiwa hai.

Iraj naye alikuwa na fundo lake moyoni. Mwaka uliopita kijana mmoja wa klabu ya Nosrat kule Juybar alizimia akipunguza uzito, kavishwa nailoni mwili mzima, kanyimwa maji kutwa nzima. Iraj ndiye aliyembeba kumpeleka hospitali. Tangu hapo akawa anamwita Nosrat mchinjaji, tena mbele za watu. Na tuseme kweli, hakumsingizia.

Siku ya kwanza ya kozi Iraj alipuliza filimbi, akawatazama makocha waliojipanga ukutani.

"Humu ndani mkubwa ni mmoja," alisema. "Kila anayepanda mkeka ataomba ruhusa kwangu."

Watu wakatazamana. Mkoa mzima wa Mazandaran umekulia mieleka, na hakuna asiyejua kwamba ruhusa haiombwi kwa mwenye cheti wala kwa mwenye medali. Inaombwa kwa yule aliyetangulia kuukanyaga mkeka kuliko wote waliopo. Unainama, unagusa mkeka, unabusu vidole, unamtazama na kusema, "Ruhusa, pahlavan," yaani shujaa wa mieleka. Naye anakujibu, "Mungu akupe nafasi." Asipokujibu, hupandi. Na humo ukumbini aliyewatangulia wote alikuwa Nosrat.

"Nikuombe wewe?" Nosrat alicheka kwa dharau. "Wewe niliyekuwa nakufuta makamasi?"

"Ulinifuta, ahsante. Sasa mimi ndiye ninayekusahihishia. Nidhamu, sifuri."

"Andika mbili, moja ukamwonyeshe mkeo."

Wengine wote waliomba, shingo upande lakini waliomba. Nosrat aligoma. Juma lote alikaa pembeni amekunja mikono, na jioni alikula wali wake peke yake kwenye kona ya bwalo. Hata waliokuwa wakimhurumia mwanzoni walianza kumchoka.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mtihani wa vitendo. Hapo hakuna ujanja: lazima upande mkeka ufundishe, la sivyo umeanguka. Asubuhi Behrang alipiga simu.

"Baba, kesho utakuwa kwenye kiti?"

"Nitakuwepo."

"Watu wanasema umekorofishana na Iraj tena."

"Nimesema nitakuwepo, mwanangu. Wewe usinywe maji mengi."

Basi Nosrat akaamua kujishusha. Alisimama kwenye ukingo wa mkeka akingoja zamu yake, neno lenyewe liko mdomoni, chungu kama shubiri. Mkekani kocha mmoja wa Babol alikuwa akifundisha namna ya kumdaka mpinzani mguu, na alikuwa akiharibu. Iraj alivumilia, akavumilia, mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Sivyo! Utamvunja mwenzio goti! Hebu toka nikuonyeshe!"

Akaja mbio mpaka ukingoni. Na hapo mazoea ya utotoni yakamtangulia. Aliinama, akagusa mkeka, akabusu vidole, akainua macho. Macho yakaenda moja kwa moja kwa Nosrat.

"Ruhusa, pahlavan."

Iraj alitambua alichosema, akawa mwekundu mpaka masikioni. Lakini neno lilikwishatoka. Alibaki ameinama pale, akimtazama yule mchinjaji wake kama mtu anayebembeleza: jibu, yaishe, na mimi nitakupitisha.

"Mjibu, kaka," yule wa Babol alinong'ona. "Mjibu, tuondoke hapa."

Nosrat aliisikia ile raha ikimpanda kifuani. Alijua inagharimu nini. Aliyajua yote.

"Sikupi," alisema.

Iraj angeweza kupanda hivyo hivyo, maana ukumbi ulikuwa wake na kalamu ilikuwa yake. Hakupanda. Alinyanyuka polepole, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Mtihani wako umekwisha, Bwana Nosrat."

"Sijaanza."

"Umemaliza."

Ijumaa ukumbi ulifurika. Nosrat alibanwa huko juu jukwaani, kati ya watu wanaotema maganda ya mbegu za alizeti. Kwenye kiti cha kocha alikaa Iraj. Hakujipeleka mwenyewe, Behrang ndiye aliyempigia simu usiku kumwomba.

Kijana alitoka na vazi lake jekundu. Iraj alimpa chupa ya maji, naye akanywa bila haraka, akaimaliza yote. Kisha akaenda ukingoni mwa mkeka, akainama, akabusu vidole na kuinua macho kutafuta mkubwa wa ukumbi.

Nosrat alisimama ili aonekane. Alikwishasafisha koo, jibu liko tayari, na hata mkono alikuwa ameuinua.

Behrang alimwona. Alimtazama baba yake usoni, akamtazama sana. Kisha akageuka, akampa mgongo.

"Ruhusa, pahlavan," alimwambia Iraj.

Iraj alitupa jicho kule juu jukwaani. Hakutabasamu.

"Mungu akupe nafasi."

Filimbi ikalia. Nosrat alikuwa bado amesimama, mkono uko juu, mpaka mtu wa nyuma akamfokea:

"We mzee, kaa chini! Unatuziba!"