Mteja Asiyeuliza Bei

Mwezi wa tisa ulikuwa unakatika tangu mjane yule, mshonaji wa nguo, aweke kibao cha "Nyumba Inauzwa" getini, na wateja walikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kwa hiyo mchana ule, mwanamume mmoja alipopiga hodi na kusema ametumwa na dalali, alimkaribisha kwa mikono miwili.

Mgeni hakuuliza bei. Hakutazama dari wala mabomba. Aliuliza, "Mama, unaishi na nani humu?"

Mjane akarudi nyuma hatua moja. "Wanangu wawili wamelala chumbani," alidanganya. Mabinti zake wote walikuwa wameolewa mbali.

"Mbona viatu mlangoni ni vyako tu?" Mgeni akatabasamu, akapita hadi jikoni, akazungusha kitasa cha mlango wa uani polepole. Kisha akaaga kwa adabu na kwenda zake.

Mjane akampigia dalali.

"Shangazi, mimi leo sijatuma mtu," dalali akasema.

Mjane akakimbilia jikoni. Ufunguo wa mlango wa uani haukuwapo tunduni.

Kabla jua halijazama, seremala alikuwa amebadilisha vitasa vyote, na dada mkubwa wa mjane amehamia na godoro lake. Siku ya tatu, asubuhi, walikuta mikwaruzo mipya kwenye kitasa cha uani.

"Mdogo wangu, alirudi," dada akanong'ona.

Mjane alikwenda getini akaking'oa kile kibao kwa mikono yake mwenyewe.