Siku Hiyo Usinijue

Walimwita Chiriku tangu hajaota meno ya mbele, kwa sababu akianza kuongea wageni walisahau walichokuja kusema. Alipochagua kusoma sheria hakuna aliyeshangaa. Baba yake, fundi wa friji, alisema mdomo ule lazima utafutiwe kazi, la sivyo utawamaliza wao wenyewe nyumbani.

Chiriku alifaulu, akapata shahada, halafu akagundua kwamba shahada inakufikisha kizingitini tu. Anayetaka kuwa wakili kamili sharti kwanza akubaliwe mahali kama mwanagenzi, ajifunze kazi chini ya mawakili wazoefu. Naye hakutaka kesi za watu waliotukanana kisimani. Alitaka mikataba ya makampuni, mikopo ya mabenki, siku kampuni moja inapomeza nyingine na mawakili wanakesha wakihesabu mifupa. Kampuni za mawakili wa aina hiyo hazikuwa nyingi mjini, na kila moja ilichukua wanagenzi wachache mno, hali waombaji walikuwa kama siafu.

Basi akaandika. Kila kampuni ilitaka barua yake, na kila barua ieleze kwa nini yeye anaitaka kampuni hiyo na si nyingine.

"Shangazi, ni kama kuwaandikia wanaume kumi barua za mapenzi," alisema siku moja, "na kila mmoja unamwapia kuwa yuko peke yake."

Majibu, yalipokuja, yalikuwa na neno lilelile: tunasikitika. "Mji huu una watu wenye huzuni jamani," Chiriku alisema, na sebule nzima ikacheka. Lakini shangazi yake aliona kwamba siku hizi mtoto anawachekesha wenzake kisha mwenyewe anaangalia sakafu.

Shangazi huyo, dada yake fundi, alikuwa mpokea wageni katika mojawapo ya kampuni hizo. Ilikuwa ghorofa ya saba ya jengo la vioo, na dawati lake lilitazamana na lifti. Alijua mteja yupi asikutanishwe na yupi kwenye makochi, na wakili gani akisema "niko njiani" maana yake bado yuko kitandani. Ofisini walimwita Dada Mapokezi. Alikuwa amekaa pale muda mrefu kuliko baadhi ya wabia, yaani wale mawakili wenye kampuni yao.

Wifi yake, mama yake Chiriku, hakuelewa tatizo liko wapi.

"Wewe unashinda mlangoni kwa wakubwa kila siku ya Mungu. Neno moja tu linakushinda?"

"Wifi, mimi nafungua mlango. Sichagui wa kuingia."

"Basi siku hiyo ufungue zaidi kidogo."

Chiriku aliyasikia hayo kutoka jikoni. Shangazi alipoaga, akatoka naye kumsindikiza hadi barabarani. Walikwenda kimya, jambo ambalo kwa Chiriku lilikuwa sawa na homa.

"Nimeitwa kwenu," akasema mwishowe. "Usaili wa siku nzima. Alhamisi."

Shangazi akasimama. "Kwetu? Uliomba lini? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Chiriku akamshika mkono. "Shangazi, nakuomba kitu kimoja. Siku hiyo usinijue. Nikitoka kwenye lifti, mimi ni mtu baki kama wale wengine. Nataka nikiingia, niingie kwa miguu yangu."

"Sawa, mwanangu."

Alikubali upesi, ila usiku ule neno lilimchoma. Usinijue. Alijiuliza kama mtoto anataka tu haki itendeke, au hapendi wenzake wajue kwamba shangazi yake ndiye yule mama wa kuuliza majina na kuonyesha choo kilipo. Akajikemea kwa kuwaza hivyo. Lakini wazo likishapiga hodi, hata usipoitikia, linakaa barazani.

Alhamisi walikuja vijana wanane, suti zimenyooka, viatu vinang'aa. Chiriku alitoka kwenye lifti na kundi la mwisho. Nyuma yao alikuwa mzee mleta maji na kitoroli chake cha madumu. Mlango wa lifti ukaanza kumfungia, na vijana wakasogea kando wasichafuke. Chiriku akauzuia mlango kwa bega, akashika ubavu wa kitoroli, wakakivusha kizingiti pamoja na yule mzee. Kisha akakung'uta mikono, akaja kwenye dawati.

"Karibu," alisema shangazi. "Jina lako tafadhali?"

Chiriku akalitaja lote, kama lilivyo kwenye cheti. Shangazi, aliyekuwepo siku jina hilo lilipotolewa, akalitafuta kwenye orodha kwa kidole kana kwamba halijui, akampa beji.

"Ahsante, mama," alisema Chiriku.

Mama. Kama anavyoambiwa na kila mtu. Shangazi akamwambia akae pale kwenye makochi.

Zoezi la kwanza lilifanyika katika chumba cha mikutano chenye ukuta wa kioo, upande wa pili wa mapokezi. Vijana waligawanywa makundi mawili: hawa wauza kiwanda cha saruji, wale wanunuzi, wapatane bei na masharti huku wabia wawili wakiwatazama na kuandika. Sauti haikutoka nje. Shangazi aliona midomo tu.

Kijana mmoja mrefu mwenye tai nyekundu aliongea. Msichana wa miwani akamjibu. Mwingine akasimama ubaoni, akachora mishale. Wote waliongea isipokuwa Chiriku. Alikuwa ameinamia karatasi, anaandika. Akiinua kichwa, mtu mwingine keshadakia. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, akaufunga.

Sema, alisihi shangazi moyoni. Mtoto wewe uliyewashinda imamu na mwalimu mkuu kwa maneno siku moja, leo unawaachia hawa? Sema lolote. Sema hata bei.

Simu ikaita. "Kampuni ya mawakili, habari za asubuhi." Mteja alitaka kujua maegesho yako wapi. Akamweleza. Simu nyingine. Kifurushi kikaja, akakitia sahihi. Kila alipogeuka, Chiriku alikuwa kimya, na mmoja wa wabia alikuwa amemtazama kisha akaandika kitu kifupi sana. Mwishoni kabisa Chiriku alisema jambo, sentensi mbili labda, na kundi lake likatikisa vichwa. Halafu muda ukaisha.

Jioni, vijana walipokwisha kurudisha beji na kuondoka, mbia mkuu alikuja mapokezi. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mzee Koma, maana aliweza kurudisha mkataba mzima kwa ajili ya koma moja. Aliegemea dawati kama afanyavyo kila mwaka.

"Haya, Dada Mapokezi. Huku mbele walikuwaje? Sisi wanatuvalia sura. Wewe wanakuonyesha ile yenyewe."

Shangazi akazipanga upya beji zilizorudishwa. Alikuwa amelisahau swali hili, au alijisahaulisha.

"Wote walikuwa na adabu, mzee."

"Wote si jibu. Tuna nafasi mbili, na ya pili watu wamekaribiana sana. Hakuna aliyezidi?"

Alikuwepo. Shangazi alimwona kwa macho yake akiuzuia mlango wa lifti kwa bega. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine yeyote angesema bila kupepesa. Lakini ukweli juu ya damu yako unanuka kama uongo. Aseme, halafu wiki ijayo ijulikane ni mtoto wa kaka yake, wote wawili waonekane matapeli? Au aseme wazi kuwa ni ndugu yake? Atakuwa amevunja ahadi, na kampuni ile ilikuwa inaogopa mgongano wa maslahi kama moto. Angeweza kumfutia mtoto jina kwa mdomo wake mwenyewe. Aliitafuta njia ya tatu, hakuiona. Mzee Koma alikuwa anangoja, miwani juu ya paji la uso.

"Yule mrefu," alijisikia akisema. "Mwenye tai nyekundu. Aliazima kalamu, akairudisha, akashukuru."

"Aa. Vizuri." Mzee Koma akagonga dawati mara moja, akaenda zake.

Jumanne afisa utumishi alimjia na karatasi. "Dada, nisaidie. Mzee Koma anasema kumkataa mtu kwa barua pepe ni ukatili, wapigiwe simu. Mimi nakimbilia kikao. Hawa ndio waliokosa. Maneno ya kusema haya hapa, usiongeze wala usipunguze."

Jina la Chiriku lilikuwa katikati. Shangazi alianza na wa juu, akaliruka, akamaliza wa chini. Mmoja alilia. Mmoja alikata simu. Kisha hakubaki mwingine wa kujifichia. Alifikiria kumwomba mtu mwingine apige, akaona aibu: mtoto aambiwe na mgeni? Akabonyeza namba anayoijua kwa moyo.

"Haloo?"

"Naongea na..." akalitaja jina refu.

"Ndiye."

"Napiga kutoka kampuni ya mawakili. Tunakushukuru kwa kuja kwenye usaili. Tulivutiwa na sifa zako. Ushindani ulikuwa mkali, na tunasikitika kukujulisha kwamba safari hii hatutaweza kukupa nafasi."

Nyuma ya simu kulisikika nyundo ya kaka yake ikigonga bati, na sauti ya wifi: "Ni nani? Ni wao? Wanasemaje?"

"Ahsante kwa kunipigia," alisema Chiriku. Sauti ilikuwa ya kiofisi, imepigwa pasi. "Naomba kuuliza kama kuna jambo ningeweza kulirekebisha."

Shangazi akaisoma karatasi. "Kampuni haitoi maoni kwa mwombaji mmoja mmoja."

"Nimeelewa, mama. Kazi njema."

"Na wewe pia."

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake. Wifi alimfungulia mlango. "Karibu, Kampuni," akasema, akampisha bila kumpa mkono. Kaka alikuwa uani, kichwa ndani ya friji iliyofumuliwa, akaitikia salamu bila kukitoa.

Chiriku alikuwa chumbani, amekaa kitandani, kompyuta imefungwa mapajani. Shangazi akakaa ukingoni.

"Ulisoma vizuri," alisema Chiriku. "Kama mtangazaji wa taarifa ya habari."

"Pole, mwanangu."

"Shangazi, walikuuliza habari zetu?"

Shangazi akamgeukia. "Nani kakuambia?"

"Yule mrefu. Tulibadilishana namba. Kapata, kanipigia kunipa pole. Anasema mbia mkuu kamwambia hata mapokezi wamemsifia."

Nyundo iligonga nje, ikanyamaza.

"Uliniambia nisikujue," alisema shangazi.

"Nilikuambia."

"Ulitaka nifanyeje?"

Chiriku alifungua mdomo. Shangazi aliisubiri ile mvua ya maneno, hata ya matusi, ingekuwa nafuu. Hayakuja. "Sijui," alisema hatimaye. "Ungesema, nikapata, ningekaa pale kila siku nikijua ni wewe. Hukusema, nimekosa, na sina hata wa kumkasirikia. Sijui, Shangazi. Kweli sijui."

"Na mle ndani, mbona ulinyamaza?"

"Kila nilichotaka kusema kilikuwa kimeshasemwa. Halafu nikapata upenyo, nikainua macho, nikakuona nje ya kioo. Umesimama, mkono mdomoni. Nikasahau hata tunauza nini."

Shangazi hakukumbuka kusimama. Katika kumbukumbu yake alikuwa amekaa muda wote, amekaa vizuri, mtu asiyemjua mtu. Alitaka kuomba msamaha akashindwa kujua aombe wa lipi: wa kutazama, wa kunyamaza, au wa kutimiza ahadi. Walikaa hivyo hadi wifi alipoita watu waje kula, akaita jina la kila mmoja isipokuwa la shangazi.

Wanagenzi walianza mwezi uliofuata. Yule mrefu aligeuka kuwa mtoto mwema, jambo lililomwongezea shangazi taabu, kwa maana alikuwa amejiandaa kumchukia. Alimwamkia kila asubuhi na kumbebea maua ya mapokezi yalipofika mazito. Siku moja shangazi alimshika afisa utumishi kwenye mashine ya kahawa, akamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, lile neno la mapokezi huwa lina uzito gani.

"Ni adabu tu ya Mzee Koma," alijibu afisa utumishi. "Alama ndizo zinazoamua. Labda watu wawili wafungane kabisa."

"Na safari hii walifungana?"

Afisa alikoroga kahawa, akafikiri. "Hata sikumbuki. Karatasi zenyewe tulishazichana. Kwani vipi?"

"Hapana. Nauliza tu."

Chiriku aliendelea kuomba. Aliitwa kampuni nyingine, upande wa pili wa mji, jengo ambalo shangazi hamjui hata mlinzi wake. Asubuhi ya usaili huo shangazi aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kwa kaka yake mapema, akamkuta mtoto anapiga pasi blauzi. Wifi, ambaye alikuwa ameanza tena kumjibu, alimwambia akae.

"Nikusaidie nini?" shangazi alimuuliza Chiriku.

"Hakuna, Shangazi. Kila kitu tayari."

Akauliza kama ampigie viatu rangi. Vilikuwa vimeshapigwa. Akauliza kama amsindikize. Chiriku akasema hapana, taratibu, bila ubaya. Alivaa, akajitazama kiooni, akachukua mkoba, akatoka, na watu wazima watatu wakabaki sebuleni wakitazamana. Fundi akasema basi, aende akaendelee na kazi. Hakwenda. Wifi akainuka, akachomoa pasi ukutani, akaketi tena karibu na shangazi, na wote watatu wakakaa wakingoja simu ambayo isingepigwa kabla ya jioni.