Dereva wa Mchanga Apanda Mlima

Nyoosha alimdanganya bosi wake akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi, ufunguo wa gari mkononi, kofia kwapani. Bosi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimuuliza kama amewahi kuendesha milimani. Akajibu kwamba amewahi, zamani, alipokuwa anabeba saruji. Hakuwahi. Saruji yenyewe aliibeba begani, ujanani, kwenye ghala. Udereva wake wote aliufanyia kwenye mchanga.

Huko mchangani hakuwa na mpinzani. Jina la Nyoosha alipewa na madereva wenzake kwa sababu ya namna alivyokuwa akishuka matuta. Tuta la mchanga halishukwi kwa kukata kona. Unaelekeza pua ya gari chini moja kwa moja, unaweka gia ndogo, unaisahau breki, unashuka kama maji. Ukiingiwa na woga ukakata upande, gari linalala ubavu na wageni wako wanatokea dirishani. Wenzake walishuka wamekunja uso. Yeye alishuka huku anatafuna karanga.

Mtu wa namna hiyo kilichomfanya adanganye ni mke. Mkewe alikuwa muuguzi, akahamishiwa hospitali ya mji ulio ng'ambo ya milima, Nyoosha akabaki jangwani. Wakawa wanaonana likizo, na likizo zenyewe hazilingani. Huyu akipata, yule yuko zamu. Mwishowe mke akamwambia, bila kugomba, kwamba yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na simu. Nyoosha alimjua mkewe. Akigomba, kuna nafuu. Asipogomba, ameshaamua.

Ndipo bosi akafungua ofisi ya pili huko huko ng'ambo. Alitaka dereva wa kuhamia, wa kuwachukua wageni mchangani, kuwavusha safu zote za milima wakitazama mandhari, na kuwafikisha mjini wakiwa na furaha yao. Safari ya kwanza ndiyo ingekuwa mtihani. Wageni wakifika wangepiga simu na kusema dereva aliendeshaje. Wakimsifu, kazi ni yake, na nyumba anayo.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Hii ya Nyoosha ilikuwa ya kutwa nzima, na ilikuwa na kona.

Wageni walikuwa wawili, mume na mke, watu wazima. Mzee alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, mwembamba, mpole, amevaa suruali ya kijivu aliyojishonea mwenyewe kwa ajili ya safari hii, yenye mikunjo iliyosimama kama makali ya kisu. Mkewe alikuwa mkunga wa zamani, mama wa kifua na sauti. Safari walilipiwa na watoto wao. Tangu anapanda, mama alimwita Nyoosha "kijana", na Nyoosha ana mvi. Alipomwambia hivyo, mama akamjibu kwamba kwa kazi aliyofanya yeye, kila mwanamume ni mtoto aliyechelewa kulia.

Asubuhi ilikwenda vizuri mno. Jua lilikuwa bado chini na matuta yalikuwa na rangi mbili, upande mmoja wa shaba, upande wa pili wa kivuli cha buluu, na ukingo kati yake umechongeka kama umepigwa pasi. Fundi ndiye aliyesema hivyo, la pasi. Nyoosha aliwapandisha la kwanza kwa mwendo, akawashusha kwa kunyoosha, mama akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, kisha akaomba washuke tena. Kila wakipumzika Nyoosha aliwanywesha maji. Alikuwa mkali kwa hilo. Jangwani mtu hasubiri kiu, aliwaambia. Ukisikia kiu umeshachelewa. Fundi, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kutii vipimo, alikunywa kila alichopewa.

Mchanga ulipoisha, Nyoosha alishuka akajaza upepo kwenye magurudumu. Mchangani gurudumu huwa laini ili likanyage kwa upana. Kwenye lami lazima liwe gumu. Alipima kwa pampu, halafu akapima tena kwa kisigino, maana kisigino ndicho alichokiamini. Mbele yao nchi ilikuwa tambarare ya mawe na vichaka vikavu, na mwisho wa tambarare milima ilijipanga safu kwa safu, kila ya nyuma imefifia kuliko ya mbele.

Safu ya kwanza haikuwa na neno. Vilima vya mviringo, mbuzi pembeni, barabara pana. Nyoosha akaanza kufikiri kwamba milima inasifiwa bure. Akatoa karanga.

Safu ya pili ilimfanya azirudishe mfukoni. Barabara iliinuka wima. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine hewa. Kila baada ya kona kadhaa palikuwa na kijisehemu cha kuegesha, chenye ukuta mfupi na kibao kilichochorwa kamera, ili msafiri asimame atazame bonde. Watu husafiri njia ile kwa ajili ya vile vijisehemu. Nyoosha alikipita cha kwanza. Akakipita cha pili.

Hakufanya kusudi. Sheria ya kwanza ya mchanga, ambayo dereva hufundishwa kabla hajaonyeshwa hata honi iko wapi, ni kwamba ukipanda husimami. Ukisimama kwenye mpando umezama, na ukizama utashinda na koleo mpaka jua lizame nawe. Unasimama ukishafika juu na pua ya gari ikitazama chini, ili kuondoka kwako kuwe kwa kuteleza. Nyoosha aliishi na sheria hiyo miaka mingi, ikamwingia mguuni, ikatoka kichwani. Kichwa kilijua kwamba hii ni lami na kwamba kuna breki ya mkono. Mguu haukujua. Kila alipokiona kibao cha kamera, mguu wa kulia ulikanyaga mafuta.

Alisimama walipovuka mgongo wa mlima. Hapo palikuwa na tangi la maji la saruji na ukuta wa mwamba. Mama alishusha kioo, akatazama tangi kwa makini.

"Kijana, hapa tunaangalia nini?"

"Mlima, mama."

"Mlima uko nyuma. Umeupita mbio kama unakudai."

Fundi akacheka kidogo, akasema labda tangi nalo lina historia yake. Wakapiga picha ya tangi.

Safu ya tatu ndiyo ilikuwa kubwa. Hewa ikapoa, halafu ikawa baridi kabisa. Mama akatoa shuka akajifunika magoti. Na baridi ina tabia yake. Maji yote ambayo joto la jangwani lingeyatoa kwa jasho, baridi iliyakuta bado yapo, ikayaonyesha mlango mwingine. Fundi aliinama mbele akamwomba dereva, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, kama anaweza kusimama kidogo.

Nyoosha akasema hapo mbele kidogo, mzee.

Kijisehemu kikaja. Nyoosha alipunguza mwendo, akakitazama. Nyuma yake kulikuwa na lori la mbao linakoroma, barabara imeinuka mpaka boneti inatazama mawingu, na mwili wake wote ukamwambia kwamba akisimama hapa gari litarudi kinyumenyume, litaigonga pua ya lori, au litauruka ule ukuta mfupi. Mguu ukakanyaga mafuta. Kibao cha kamera kikapita.

Fundi akaomba tena. Nyoosha akajibu vilevile. Kijisehemu kingine kikaja, kipana kuliko vyote, pana familia moja imesimama inakula ndizi, na chini yao bonde zima limefunguka, na mto chini kabisa kama uzi uliodondoka sakafuni. Nyoosha aliiona ile familia ikigeuza vichwa kuwatazama wanavyopita.

Mara ya tatu aliomba mama, na hakuomba. Alimwambia asimamishe gari, sasa hivi, mzee amezidiwa. Nyoosha akasema tunakaribia juu. Ilikuwa kweli, walikuwa wanakaribia. Lakini haja haingoji ufike.

Baada ya hapo nyuma kukawa kimya. Nyoosha alitazama kwenye kioo cha ndani, akamwona fundi ametazama dirishani, mikono miwili imetulia juu ya mapaja, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kisha harufu ikafika mbele.

Walisimama juu kabisa, pua ya gari ikitazama chini. Mama alishuka na begi, akatandaza shuka lake mbele ya mlango likawa pazia, na mumewe akabadilisha nguo nyuma yake huku upepo unalipiga lile shuka. Walifanya kwa haraka na kwa ustadi, kama watu waliokwisha kubadilisha watoto wengi. Nyoosha alichukua dumu la maji na kitambaa, akaanza kuosha kiti. Hakuna aliyemtuma.

Mama alipomaliza kukunja ile suruali ya kijivu akaitia kwenye begi, alikuja akasimama nyuma yake.

"Wewe umewahi kupita njia hii?"

Nyoosha aliendelea kusugua. Alifikiri kuhusu saruji.

"Sijawahi kupita mlima wowote, mama."

"Nilijua. Tangu kwenye tangi."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione mwisho wake. Nimeuona, nimeukunja, uko kwenye begi."

Akasema simu atapiga yeye mwenyewe, na atamweleza huyo bosi kila kitu, kuanzia kibao cha kwanza mpaka suruali. Nyoosha hakubisha. Aliyebisha ni fundi. Alikuwa amevaa suruali ya pili, nyeusi, na alizungumza akiwa anafunga mkanda, bila kumtazama mtu.

"Suruali ni yangu, na aibu ni yangu, mama watoto. Simu nitapiga mimi."

"Wewe utamsifu. Wewe ungemsifu hata aliyekukanyaga."

"Sitamsifu. Nitasema alivyoendesha. La suruali halisemwi."

Mama akatikisa kichwa, akaenda kukaa mbele, kiti cha pembeni ya dereva, ambako hakuwa amekaa tangu asubuhi. Nyoosha alimaliza kufuta kiti akijihisi kama mtu aliyeokota pochi njiani na mwenyewe bado yuko karibu. Lisiposemwa la suruali, kosa lenyewe lingekuwa dogo. Dereva hakusimama kwenye vibao, basi. Kuna madereva wanaofanya makubwa zaidi na bado wana kazi. Aliona aibu kufikiri hivyo, lakini alifikiri.

Mteremko wa upande wa pili ulikuwa mrefu na mkali, na hapo Nyoosha alikuwa nyumbani. Aliweka gia ndogo, akaliacha gari lishikwe na injini yake yenyewe. Malori yalikuwa yakinuka breki kila kona, lao halikunuka. Kwenye kijisehemu cha kuegesha cha huko mteremkoni alisimama bila kuombwa, kwa kuwa pua ilikuwa inatazama chini. Walikaa pale. Safu walizovuka zilikuwa nyuma, mbele kulikuwa na misitu ya misonobari, chini mji wenye mapaa ya bati yaliyokuwa yakishika jua moja moja. Mama alisema ni pazuri. Alilisema kwa ukali, kama anayetoa ushahidi asioupenda.

Walifika hotelini alasiri. Mapokezi palikuwa na meza ndefu, kengele ya shaba na simu ya mezani yenye kipaza sauti, na mhudumu aliyejifanya anapanga funguo. Fundi alibonyeza namba polepole. Bosi alipopokea na kuuliza habari za safari, fundi alisema matuta hayana mfano, na milima ni kazi ya Mungu. Dereva je?

"Kushuka, sijaona mtu kama yeye," fundi akasema. "Kupanda, anapanda. Kusimama kwenye mpando, hajui. Tulivuka milima mitatu, tukapiga picha ya tangi."

Mama alikuwa pembeni amefumba mdomo kwa nguvu, kama mwenye maji kinywani. Bosi akamtaka Nyoosha.

"Ulisema umewahi."

"Nilisema."

"Na?"

"Sijawahi, bosi."

Bosi akaongea kwa sauti ile ile ya ofisini. Wageni hatampa. Mtu akilipa kutazama mlima lazima asimamishiwe mlima. Nafasi yake ya mchangani ipo, kesho kutwa kuna kundi kubwa, na wanamuulizia kwa jina. Au kama ana lake huko ng'ambo, kuna gari la mboga la ofisi, linaloihudumia hoteli hiyo. Linakwenda sokoni alfajiri, linaleta jikoni, linarudi. Mboga haziombi kusimama.

Mhudumu wa funguo aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka. Nyoosha alimwona. Alifikiria matuta, na kundi kubwa, na wenzake wakimpisha atangulie.

"Mboga," akasema.

Bosi akauliza kama ana uhakika. Akasema anao. Bosi akamwambia amwone mpishi mkuu kesho, akakata. Fundi alimpa mkono. Mama naye alimpa, akaushikilia mkono wake kidogo, akamwambia ajizoeze kwenye mpando mdogo, gari likiwa tupu, na aweke jiwe nyuma ya gurudumu mpaka mguu uelewe. Halafu akaenda zake kuulizia mahali pa kufulia.

Nyoosha alitoka nje, akampigia mkewe.

"Umefika?"

"Nimefika. Wageni nimenyimwa. Nimepewa gari la mboga."

Kwa mbali alisikia toroli la hospitali likipita, na mtu akimwita muuguzi. Mkewe alimwambia mtu huyo asubiri.

"La hapa hapa mjini?"

"La hapa hapa."

"Zamu yangu inaisha jioni. Ufunguo uko kwa jirani, mlango wa kijani. Chakula kipo, pasha tu. Na viatu uvulie nje, asubuhi nimepiga deki."